Jongoo si tandu, msimponde

Masika yakianza, jongoo hutambaa hadi barazani, na wengi humponda kwa kandambili wakiamini anauma kama tandu. Inaniuma sana kuona hivyo, kwa sababu si kweli. Tandu ndiye mwenye sumu: ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, hukimbia, huwinda. Jongoo ana jozi mbili katika pingili nyingi, huenda taratibu, na haumi mtu. Akiguswa hujikunja, wengine hutoa majimaji yanayowasha, hasa yakiingia machoni, kwa hiyo aliyemshika anawe mikono. Chakula chake kikubwa ni majani yanayooza, naye huyarudisha udongoni yakiwa mbolea. Akiingia ndani, mzoe kwa jani, umpeleke chini ya mgomba.