Msamaha wa Ukaguzi Si Cheti cha Uzima wa Gari

Wiki iliyopita mzee mmoja wa kwetu Mombasa, aliyeishi hapa Uingereza tangu ujana wake, aliniletea gari lake aina ya Morris Minor la mwaka 1962, ili nimtazamie mlio unaotoka mbele upande wa kushoto kila anapokata kona. Nilipomuuliza lilikaguliwa lini mara ya mwisho, alicheka na kunipiga begani. "Mwanangu, hili halikaguliwi tena. Serikali yenyewe imekubali kwamba ni zima. Hiki ni chuma cha zamani, si mabati yenu ya siku hizi." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno katika karakana yangu, ambako mimi ni fundi na mkaguzi pia, na kwa kuwa adabu haikuniruhusu kumjibu mtu wa umri wa baba yangu kama nilivyotaka, nitamjibu hapa.

Tuanze na sheria, kwa kifupi. Tangu tarehe 20 Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na ambalo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, halilazimiki kupita ukaguzi wa mwaka unaoitwa MOT katika England, Scotland na Wales. Kabla ya hapo, kuanzia Novemba 2012, msamaha ulikuwa wa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1960 tu. Hakuna mahali popote sheria iliposema kwamba magari hayo ni mazima. Serikali haikuinama chini ya gari la mzee na kurunzi, ilitazama kalenda. Kifungu cha 40A cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1988 kingalipo, na anayeendesha gari lenye hali ya kuhatarisha watu anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500 na kuandikiwa pointi 3 za adhabu kwenye leseni, hata kama gari lenyewe ni kongwe kuliko askari aliyelisimamisha.

Sasa hicho "chuma cha zamani". Mabodi ya enzi hizo hayakuwa na kinga ya kutu kama ya magari ya leo, na yalijengwa kwa mikunjo na vishimo vingi vinavyotunza maji na tope. Morris Minor halina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, hivyo kutu ikila sakafu na kingo za chini ya milango, imekula uti wa mgongo. Mkaguzi hugonga na kubonyeza, hasa katika sentimita 30 kuzunguka sehemu zinaposhikiliwa usukani, springi na mikanda. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, kama kugonga papai. Puti iliyopakwa juu ya tundu na kupulizwa rangi ya kung'aa hupendeza katika maonyesho ya Jumapili, lakini haibebi uzito wa mtu yeyote.

Jambo linalonikera zaidi ni dai jingine, ambalo mzee alilitoa nilipomshauri alete gari kwa ukaguzi wa hiari. Alisema kwamba nitaliangusha kwa kukosa vitu vya magari mapya. Si kweli, na ningependa tulimalize leo. Gari hukaguliwa kwa sheria za umri wake. Gari lililoanza kutumika kabla ya mwaka 1965 halidaiwi mikanda ya kiti, ingawa mikanda ikiwemo lazima iwe imara. Lililoanza kutumika kabla ya mwaka 1936 halidaiwi indiketa. Dereva atoe mkono dirishani kama wazee wake walivyofanya. Lililoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Agosti 1975 halichomekwi mrija wa kupimia gesi. Natazama moshi kwa macho, na usipokuwa mzito kupita kiasi, yamekwisha. Hata mitambo yetu inalazimika kuwa na heshima. Land Rover za zamani, ambazo wasomaji wa nyumbani mnazijua vizuri kuliko mimi, zina hendibreki inayoshika shafti ya gia boksi badala ya magurudumu, na mkaguzi anayeipima kwenye roli za kupimia breki kama gari la kawaida anaweza kuvunja kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Gari hilo hupimwa barabarani kwa kifaa kinachosoma kasi ya kupunguza mwendo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ukaguzi unachukia magari ya zamani. Unachukia magari mabovu.

Turudi kwenye mlio wa mzee. Nguzo inayobeba gurudumu la mbele la Morris Minor huzunguka ndani ya viungo vyenye hesi, kama parafujo ndani ya nati, na viungo hivyo huishi kwa grisi. Ukiacha kupiga grisi, hesi husagika polepole bila kuonekana, mpaka siku moja huachana, mara nyingi gari likienda polepole usukani ukiwa umekatwa, na gurudumu hulala ubavu chini ya madigadi ya gari. Niliinua upande wa kushoto kwa jeki, nikaweka mtaimbo chini ya tairi na kuliinua taratibu. Gurudumu lilipanda kabla ya kiungo kusogea, kwa kiasi cha unene wa sarafu. Nilimwita mzee aweke kidole mwenyewe. Alikiweka, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba amekwenda na gari hilo hadi mji wa Blackpool na kurudi mwezi uliopita.

Hapa sina budi kukiri jambo ambalo vitabu vya mafunzo hupita juujuu. Mkaguzi haruhusiwi kufungua kitu. Sioni ndani ya ngoma za breki, sioni viatu vya breki vimebaki unene gani, wala sipimi kama mafuta ya breki yamenyonya maji. Katika Morris Minor hata chupa ya mafuta hayo imefichwa chini ya sakafu, na kifuniko chake kiko chini ya zulia la dereva, mahali ambapo watu wengi hawajawahi kupatazama. Breki hizo zinaweza kufaulu mbele yangu kwa kusimama mara moja, kisha zikalegea katika mteremko mrefu wa kiangazi. Nimewahi kutia sahihi huku moyo ukisita. Vilevile sina hakika kwamba miaka 40 ni kipimo cha haki: gari linalolala gereji kavu na kutoka mara kumi kwa mwaka, na gari la mwaka 1984 linaloendeshwa kila siku katika barabara zilizomwagwa chumvi, yote mawili yamesamehewa kwa kalenda ileile.

Kuhusu mabadiliko makubwa yanayoondoa msamaha, nitasema machache, kwa sababu miongozo ya serikali yenyewe inasema "huenda". Kufunga breki za diski kwa ajili ya usalama hakukuondolei msamaha. Kuweka injini yenye idadi tofauti ya silinda huenda kukauondoa, na anayetia sahihi kwenye tamko la kudai msamaha ni mwenye gari, si fundi wake.

Mzee aliniuliza, "Na nikilileta kwa hiari, likianguka?" Nilimweleza kwamba ada haizidi pauni 54.85, ila matokeo huandikwa rasmi, na kasoro ikiwekwa katika daraja la hatari haruhusiwi kulitoa barabarani mpaka itengenezwe. "Basi tengeneza kwanza," alisema, "tutalikagua baadaye." Aliondoka kwa basi. Spea zinafika Jumatatu, za pande zote mbili, na tutaanza na upande wa kulia, ambao yeye anasema hauna tatizo kwa sababu haulii.