Kombe wachanga wanapotelea wapi?

Juzi nilikuwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mpwa wangu, akaokota gamba la kome pale mchangani akaniuliza, mjomba, mbona huku ni machache hivi, kule Unguja ulikosoma si ulisema akina mama wanajaza ndoo? Swali halijanitoka mpaka leo, maana watu wengi wanaamini kombe, yaani wale wa magamba mawili wa baharini wanaofanana na kome wetu wa ziwani, wakipungua basi wameokotwa sana, imeisha hiyo.

Tuanze baharini. Kombe wakubwa wanamwaga mayai na mbegu humohumo majini, vinakutana, kichanga kinaanza kuelea kama wiki mbili hadi nne hivi, kadogo hakafiki hata nusu milimita. Kana vinyweleo vya kuogelea lakini mkondo una nguvu kuliko kenyewe, na mkondo mkubwa wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likivuma ndo unakimbia zaidi. Ni sawa na kumwaga ulezi siku ya upepo, unaweza ukaotea shamba la jirani. Ghuba ambayo maji yanazunguka polepole ndo inabakiza watoto wake.

Sasa kushuka chini, hapa ndo naona vichanga vingi vinapoishia. Kanaota kimguu, kanapapasa, pasipokafaa kanaweza kunyanyuka tena kwa siku chache. Mchanga wenye tope kidogo, vipande vya magamba na nyasi bahari za kupunguza kasi ya maji, hapo kanakaa. Mchanga mtupu kwenye mkondo mkali unahama, na Unguja wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapanda na kushuka kama mita 4, kwa hiyo kitoto kinafukuliwa au kinafukiwa. Tope laini nalo linaziba matamvua ya kupumulia, na ukichimba kidogo ukakuta jeusi linanuka yai viza ujue hewa hamna. Lakini maji yakituama kabisa pia ni shida, kwa sababu kombe hatembei kutafuta chakula, analetewa na mkondo. Ndo maana mimi kufunga eneo lisivunwe naunga mkono, ila kama chini pameshaharibika utafunga miaka na hutaona kitu.

Huku Nyasa ni habari nyingine. Vichanga vya kome wa ziwani vinajishikiza kwenye samaki, kwenye matamvua au mapezi, vinakaa hapo mpaka vikomae kidogo ndo vinadondoka, yaani usafiri wao ni samaki. Ila vikidondoka sheria ya chini ni ileile. Upande wa milima ya Livingstone ziwa linazama ghafla, na kuanzia kama mita 250 kwenda chini hakuna oksijeni, wakati kina chote ni kama mita 700, kwa hiyo wanabaki na kaukanda ka pembeni tu. Halafu kaukanda hako hako ndo mito ya Kiwira na Lufilyo inakomwagia udongo wa mashamba ya Rungwe, mvua zikikolea maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nimemwambia kijana mwezi wa sita tunarudi na ndoo na chekecheke, tuchote tope la mlangoni mwa Kiwira na mchanga wa Matema, tuhesabu wadogo tu.