Kuwa na wakili hakukuondolei Baraza

Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza chai, nilipigiwa simu na mwanamume aliyeonekana kuamka na uamuzi wake. "Wakili, nataka nikulipe leo na kesi ya talaka uifungue leo. Habari za Baraza la ndoa usiniletee. Mimi siyo mtu wa kwenda kukaa kwenye benchi pale kata nieleze mambo ya chumbani kwangu. Ndiyo maana natafuta wakili."

Kauli hiyo nimeisikia kwa lafudhi zote za mji huu. Nimeisikia kwa mama wa Masaki, kwa fundi wa Tandika, hata kwa mhadhiri wa chuo. Wote wana imani moja: Baraza ni la watu wasio na hela ya wakili, na ukishalipa unapita mlango wa mbele. Imani hii inawagharimu watu miaka, kwa hiyo leo naiandikia.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema huwezi kufungua ombi la talaka mpaka mgogoro uwe umepelekwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza liwe limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hilo linawahusu waliofunga kanisani, msikitini, bomani na kimila. Mume Mwislamu aliyekwisha kuandika talaka na kumpa mkewe naye, akitaka amri ya mahakama, apitie huko huko. Baraza linaweza kuwa la kata, linaweza kuwa la jumuiya ya dini kama yale ya Bakwata. Mkiwa hamjafikisha miaka miwili ya ndoa kuna ruhusa nyingine ya kuomba mahakamani, hiyo njoo tuizungumze ana kwa ana.

Na hapa ndipo yule bwana wa simu aliponyamaza. Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu mbele ya Baraza la ndoa. Ni kifungu cha 104. Mtu asiye wa familia yako hawezi kukuwakilisha pale bila ruhusa ya Baraza lenyewe. Unaweza ukawa na wakili anayetisha Mahakama Kuu nzima, siku ya Baraza atabaki nje na wewe utaingia mwenyewe. Sheria ilitaka wanandoa wenyewe waongee kabla watu kama mimi hatujashika kalamu.

Sasa nije kwenye kinachoniumiza zaidi, nacho ni karatasi inayotoka huko.

Mwaka huu alinijia dada mmoja wa Mbagala (nimebadilisha mambo mawili matatu asije akatambulika). Aliniamkia, akaketi, akatoa kwenye mkoba bahasha ya kaki iliyokwisha kulainika kwa kushikwashikwa. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Kwenye mikunjo wino ulikuwa umefutika. Niliifungua juu ya meza nikaisoma mbele yake. Juu imeandikwa "Kwa yeyote anayehusika". Kisha mistari mitatu: mlalamikaji amefika, mlalamikiwa hakufika, tunawaruhusu kwenda mahakamani. Muhuri umegongwa pembeni, nusu yake uko nje ya karatasi. Tarehe ilikuwa ya miezi kumi na moja kabla ya siku ambayo kesi yake ya kwanza ilifunguliwa.

Kesi ya kwanza, ndiyo. Alikuwa amemlipa wakili mwingine laki nane. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikasikilizwa, mashahidi wakaja wakaondoka, na baada ya mwaka na nusu hakimu akaifuta. Dada yule alikuwa na hakika kwamba wakili wake alikula njama na mume. "Walikuwa wanasalimiana kwenye korido, Wakili. Niliwaona."

Nilimweleza kwamba kusalimiana kwenye korido siyo njama, mimi husalimiana na kila mtu. Kesi yake ilikufa kwa ile karatasi. Kwanza, kifungu cha 106 kinataka hati ya Baraza iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya ombi kufunguliwa, na yake ilikuwa imepitwa. Pili, haikusema popote kwamba Baraza limeshindwa kusuluhisha. "Tunawaruhusu kwenda mahakamani" ni maneno matupu, kwa sababu Baraza halina kazi ya kuruhusu. Kazi yake ni kusikiliza, kujaribu, na likishindwa kuthibitisha kwamba limeshindwa. Kuna fomu yake kabisa, Fomu Namba 3. Tatu, kama mume aliitwa akakaidi, sheria inakupa njia ya kwenda mbele bila yeye, ila lazima ionekane kwamba aliitwa: lini, mara ngapi, nani alipeleka wito. "Hakufika" peke yake haimwambii hakimu kama mtu alikaidi au hakuwahi kuambiwa.

Wakili aliyepokea karatasi ile akaifungulia kesi alipaswa kuisoma. Hapo simtetei.

Lakini siwezi kumhukumu kwa ukali ninaotaka, maana nami nimewahi kufanya hivyo hivyo. Miaka yangu ya mwanzo nilipokea barua ya Baraza badala ya fomu. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kurasa mbili, maelezo mazuri ya mgogoro. Nikaona inatosha. Tulishinda chini, mteja, mama mmoja, akafurahi, akanunulia ofisi nzima soda. Upande wa pili wakakata rufaa, na kule juu hawakugusa hata ushahidi. Waliangalia ile barua, wakasema ombi lilifunguliwa kabla ya wakati wake, mwenendo wote ukabatilishwa. Mahakama ya Rufani imefuta kesi za aina hiyo zaidi ya mara moja, na kila nikisoma hukumu moja namkumbuka yule mama. Alirudi nyumbani akiwa bado mke wa mtu aliyedhani ameachana naye. Tangu siku ile sipokei ada mpaka nimeishika hati ya Baraza mkononi na kuisoma neno kwa neno.

Kosa lingine liko upande wa Mabaraza yenyewe. Nimeletewa hati inayosema "Baraza limetoa talaka, mume achukue kiwanja cha Chanika, mke achukue vyombo vya ndani na friji". Baraza halitoi talaka wala haligawi friji. Mali inagawiwa na mahakama chini ya kifungu cha 114, ikitazama mchango wa kila mmoja. Na hapo watu hunitajia Bi Hawa Mohamed, kesi ya mwaka 1983, kama ushahidi kwamba mke anapata nusu. Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango, na hilo lilikuwa jambo kubwa sana kwa wanawake wa nchi hii. Lakini Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokabidhiwa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia hazikutumika ilivyokusudiwa. Hakuna nusu kwa nusu iliyoandikwa popote. Kuna risiti, kuna mashahidi, kuna picha za nyumba ikiwa msingi, kuna jirani aliyekuona ukibeba maji ya kufyatulia matofali. Kuhusu watoto, kwa kifupi: mahakama inaangalia ustawi wa mtoto, na kwa aliye chini ya miaka saba inaanza na dhana kwamba akae na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi.

Wakili basi wa nini kabla ya Baraza? Wa kukuandaa. Njoo kwangu kwanza, nusu saa, nikuambie ukaseme nini kwa tarehe na kwa mpangilio, uende na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kama ulipigwa, na usiondoke pale bila kusoma ulichopewa. Waombe waandike majina yenu nyote wawili kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa. Angalia saini ya mwenyekiti. Angalia muhuri umekaa ndani ya karatasi. Ukitoka hapo hesabu miezi sita.

Kuna jambo moja sina jibu lake. Mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe naye anatakiwa akae benchi moja na mtu yule, mbele ya wazee wanaomwambia avumilie kwa ajili ya watoto. Kifungu cha 101 kina misamaha: mume ametoroka hajulikani aliko, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, amefungwa miaka mitano au zaidi, ana ugonjwa wa akili usiopona, au mahakama iridhike kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya Baraza lisiwezekane. Kipigo kimo kwenye hayo mazingira? Mimi nasema kimo. Nimewahi kushauri mteja asipite Baraza kwa hoja hiyo, na nimewahi kumshauri mwingine mwenye majeraha yale yale apite, kwa kuogopa kesi yake isije ikafutwa miaka miwili baadaye. Yule wa pili alirudi kutoka barazani anatetemeka, na mume alikuwa amemfuata mpaka kituo cha daladala. Fomu yake ilikuwa safi kabisa. Mpaka leo sijui kama nilimshauri vyema.

Dada wa Mbagala tulimrudisha barazani. Mume aliitwa mara tatu, na safari hii tuliomba kila wito uandikwe na aliyeupeleka aweke saini. Hakuja. Fomu Namba 3 aliniletea kwenye bahasha mpya, haijakunjwa hata mara moja, ameibana katikati ya daftari la shule la mwanawe. Nilihesabu siku mbele yake kwenye kalenda ya ukutani. Tulifungua ombi siku ya tisa, pale Kituo Jumuishi cha mahakama, Temeke, na limepangiwa kutajwa mwezi ujao.