Tumbusi wa saa nne asubuhi

Wanafunzi ninaowafundisha urubani huniuliza sana habari za injini kuzimika angani. Tumbusi hawaniulizi, ndiyo maana naanza nao. (Nitasema "eropleni" ili tusichanganye ndege na ndege.)

Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24 aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, alikuwa peke yake kwenye Dornier Do 27 iliyopakwa milia kama pundamilia. Tumbusi akaligonga bawa la kulia, nyaya za kuongozea zikanasa, eropleni ikaanguka. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kila nikipita pale nasimama.

Ndege mmoja anawezaje kuangusha eropleni? Tumbusi wa kilo 6 ukikutana naye kwa kasi ya kilomita 220 kwa saa, pigo lake ni sawa na kudondosha Vitz kutoka kimo cha mita moja. Na kioo cha mbele cha eropleni ndogo kama Cessna 172 ni plastiki ya milimita 3 hivi. Ukipunguza kasi iwe nusu, pigo linabaki robo. Kwa hiyo ukiwaona, kitu cha kwanza ni kupunguza gesi.

Tumbusi hapendi kupiga mabawa. Husubiri ardhi ipate joto, kisha hupanda na hewa ya moto, na kuanzia saa tatu, saa nne hivi anga la mbugani ni lake hadi jioni. Mimi huondoka alfajiri. Kuruka juu zaidi husaidia, ila si kinga: mwaka 1973 tumbusi aligongana na eropleni ya abiria juu ya Abidjan, kwenye mita 11,300!

Siku moja tulikuwa tunashuka kwenye kiwanja cha changarawe. Upande wa kulia niliona wanne wakizunguka, nikawakazia macho hao. Wa tano alikuwa chini yao, mbele yetu kabisa. Nilivuta usukani, naye akakunja mabawa na kuzama. Akapita chini ya gurudumu karibu kiasi kwamba niliona kingo nyeupe za manyoya yake, unyoya kwa unyoya. Tangu hapo, nikiona mmoja natafuta mwenzake juu na chini, na kabla ya kutua natazama kama kuna mzoga karibu.

Mara nyingi ndege akishtuka huzama, ndiyo maana tunapanda juu yake. Lakini ukiwa chini na kasi ni ndogo, usivute kwa nguvu. Bawa likipoteza mbebo (nguvu ya hewa inayoliinua) hapo, huna nafasi ya kujiokoa.

Na kioo kikivunjika? Upepo utakupiga usoni na kelele zitakuchanganya. Shika usukani kwanza, punguza kasi, redio baadaye. Kama bawa limepinda, jaribu mwendo wa kutua ukiwa bado juu, uone linaanza kutikisika kwenye kasi gani, kisha utue kwa kasi inayozidi hiyo. Miwani ivaliwe tangu mnapoondoka.