Kwa nini minara ya Watts haikuanguka ilipovutwa?

Je, wajua kwamba jiji la Los Angeles, Marekani, liliwahi kuamuru kubomolewa kwa minara ya mtaa wake wa Watts, ambayo leo ni urithi wa taifa? Maofisa wa ujenzi waliihofia, na hofu hiyo inaeleweka. Aliyeijenga, Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia, alikuwa kibarua na fundi wa vigae. Kuanzia 1921 hadi 1954 alijenga peke yake baada ya kazi, bila ramani na bila jukwaa, akipanda kwa mkanda kiunoni. Mnara mrefu zaidi unakaribia mita 30.

Siri imo kwenye viungo. Rodia alikunja nondo kwa kuzibana kwenye reli iliyopita jirani na kiwanja chake. Hakuchomelea wala kufunga bolti. Alilaza vyuma pamoja, akavizungushia waya na wavu, kisha akakandika saruji kwa mkono. Wanaojenga matangi ya maji kwa waya na saruji nchini Kenya wanaijua mantiki hiyo: chuma hustahimili kuvutwa, saruji hustahimili kugandamizwa. Pete na matawi yanayounganisha nguzo husambaza uzito, na kwa kuwa minara ina uwazi mwingi, upepo hupita katikati.

Juu ya saruji mbichi alibandika sahani zilizovunjika, vigae, kombe za baharini na chupa za kijani za soda. Watoto wa mtaa walimletea vipande.

Jiji lilipotaka kuibomoa, watetezi wa minara wakaomba ipimwe kwanza. Tarehe 10 Oktoba 1959, kwa jaribio lililobuniwa na mhandisi Bud Goldstone, mnara mrefu ulivutwa ubavuni kwa nguvu ya takriban tani 4.5. Kilichopinda ni chuma cha mtambo uliokuwa ukiuvuta! Amri ya kubomoa ikafa hapo.

Adui wa sasa ni jua: upande unaopata joto hutanuka, mnara ukainama kidogo, na nyufa hurudi hata zikizibwa. Ndiyo maana mafundi wa uhifadhi hawamalizi kazi, na kuna nyakati wageni hutazama kutoka nje ya uzio tu. Ukifika, usiishie kuangalia juu. Chunguza kuta za chini. Rodia alizigandamiza zana zake kwenye saruji, na alama za nyundo zake bado zinasomeka.