Je, Wajua? Kwa Nini Sonata ya Kwanza ya Chopin Haipigwi

Wapiga piano wanapozungumzia sonata (kazi ndefu zenye sehemu kadhaa) za piano za mtunzi Frédéric Chopin, kwa kawaida huhesabu mbili: ile ya B-flati maina (jina la ufunguo, yaani ngazi ya sauti ambayo muziki umejengwa juu yake) yenye maandamano ya mazishi, iliyochapishwa 1840, na ile ya B maina ya 1844. Kuna ya tatu, ambayo kwa umri ndiyo ya kwanza: sonata ya C maina, opusi 4 (opusi ni namba ya kazi ya mtunzi). Hii hupigwa kwa nadra sana. Mara nyingi hurekodiwa na wale waliojipa kazi ya kurekodi Chopin yote, kama mpiga piano Vladimir Ashkenazy, au sonata zote tatu kwa pamoja, kama alivyofanya Leif Ove Andsnes.

Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba ni kazi ya mwanafunzi. Kweli, lakini hilo halitoshi kuwa jibu. Variesheni za opusi 2, yaani wimbo mmoja unaorudiwa kwa mabadiliko, alizozijenga juu ya wimbo wa Mozart, nazo aliziandika akiwa mwanafunzi wa Warsaw, na ndizo zilizomfanya mtunzi na mhakiki Robert Schumann awatake wasomaji wake, mwaka 1831, wamvulie kofia kijana huyu. Kwa hiyo uanafunzi peke yake hauwezi kubeba lawama yote.

Namba 4 nayo imepotosha watu wengi. Mtu huiona akadhani hii ni kazi ya nne aliyoitunga, au kwamba ilichapishwa mapema, watu wakaisikia, wakaikataa. Yote mawili si sahihi. Namba ya opusi haifuati siku ya kutungwa; hufuata mambo ya wachapishaji, na mambo ya wachapishaji yana vituko vyake. Mwaka 1828, Chopin akiwa na miaka 18, alitunga sonata hii na pia rondo (kipande ambacho wimbo wake mkuu hurudi mara kwa mara) ya C meja kwa piano mbili. Sonata ilichapishwa 1851, rondo 1855. Mtunzi alifariki Oktoba 1849, kwa hiyo hakuna hata moja aliyoiona dukani. Lakini sonata ina namba 4 na rondo ina namba 73! Anayesoma namba tu ataamini moja ni ya kijana na nyingine ya mtu mzima aliyekwisha kubobea, kumbe ni za mwaka mmoja.

Namba ndogo ya sonata inatokana na njia iliyopitia. Sonata, aliyomtunukia mwalimu wake Józef Elsner, ilipelekwa Vienna kwa mchapishaji Tobias Haslinger pamoja na zile variesheni. Haslinger alizitoa variesheni mwaka 1830, sonata akaiacha kwenye kabati. Chopin alipokwisha kuwa na jina Paris, mchapishaji akakumbuka kuwa ana mali. Katika barua ya Agosti 1839 kwa rafiki yake Julian Fontana, Chopin anasema anaandika sonata ya B-flati maina, na katika barua hiyohiyo anataja kwamba baba yake amemwandikia kuwa sonata yake ya zamani imechapishwa na Haslinger. Baba alikuwa ameiwahi habari kwa miaka kumi na zaidi. Baadaye Chopin aliieleza familia yake kwamba alitumiwa nakala ya majaribio na hakuirudisha na masahihisho, kwa kuwa alitaka mengi yabadilishwe. Kwa hiyo hakuikana moja kwa moja, ila hakuridhika nayo. Carl, mwana wa Haslinger, ndiye aliyeitoa hatimaye.

Sasa kiini cha tatizo, ambacho kimo ndani ya muziki wenyewe.

Sonata ya zama zile ilikwenda kama jahazi la biashara. Linang'oa nanga bandari ya nyumbani: huo ni wimbo wa kwanza, katika ufunguo wake. Linafika bandari ya pili, yenye soko lake na upepo wake: huo ni wimbo wa pili, katika ufunguo mwingine. Kama nyumbani ni C maina, bandari ya pili kwa desturi ni E-flati meja. Halafu linazunguka baharini, likigusa hapa na pale bila kukaa. Mwisho linarudi, na shehena iliyochukuliwa ugenini inashushwa nyumbani, yaani wimbo wa pili unasikika tena, safari hii kwa ufunguo wa kwanza. Msikilizaji asiyejua nadharia yoyote huona raha ya kurudi kwa sababu alihisi ameondoka.

Katika sehemu ya kwanza ya opusi 4, jahazi haling'oi nanga. Maelezo yote ya mwanzo (pale nyimbo zote mbili zinapotambulishwa), kurasa kwa kurasa, yamebaki C maina. Na wakati wa marejeo unapofika, wimbo wa kwanza unaingia kwa B-flati maina. Chopin amekaa nyumbani alipotakiwa kusafiri, kisha akawa ugenini alipotakiwa kurudi. Sikio linachoka bila kujua linachoshwa na nini.

Je, alikosea au alikusudia? Hapa tuende taratibu. Trio yake (kazi ya vyombo vitatu) ya G maina, opusi 8, nayo hukaa G maina katika maelezo yote ya mwanzo. Kwenye konseto yake (kazi ya piano na okestra) ya E maina, wimbo wa pili huja kwanza kwa E meja, na safari ya pili huja kwa G meja, kinyume cha desturi. Jambo likirudiwa hivi si bahati mbaya. Wapo wanaolinasibisha na mafunzo ya Elsner, ila ushahidi wa hilo ni mwembamba. Inawezekana pia kijana alikuwa akijaribu tu.

Linalostahili masikio zaidi bila ubishi ni sehemu ya tatu, Larghetto, ya A-flati meja. Ina mapigo matano katika kila kipimo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtunzi wa Urusi Tchaikovsky alipoweka mapigo matano katika simfoni yake ya sita, ilikuwa 1893, na hadi leo watu humtaja kwa ujasiri huo. Chopin anayatumia bila mbwembwe: wimbo unatiririka, na unagundua kuna kitu kimezidi, au kimepungua, pale tu unapojaribu kuhesabu kwa vidole.

Menueti, sehemu ya pili yenye mtindo wa densi, ni ya adabu tu, unaweza kuiruka. Finale, yaani sehemu ya mwisho, ina moto, japo ni ndefu kuliko mawazo yake. Sehemu ya kwanza ningeisikiliza sambamba na sonata ya B-flati maina, kwa sababu huko Chopin anavuruga tena marejeo, lakini sasa akijua anachofanya: wakati wa kurudi unapofika, wimbo wa kwanza haurudi kabisa, na anayeingia moja kwa moja ni wimbo wa pili.