Websaiti si mbaya, ni mteja hajui kama bangili itampita mkononi

Leo nataka niliseme hili mara moja liishe, maana kumjibu kila mtu kivyake nishachoka. Watu wanaouza vito vya kazi ya mkono hapa Mombasa, vipuli vya shanga, pete za fedha, vidani vya shaba, vikuku, wote waja na ombi lile lile: "Nibadilishie websaiti iwe ya kuvutia, hii haileti oda." Na chini yake kuna linki ya kampuni kubwa ya vito ya Ulaya, skrini nyeusi, mkufu mmoja wazunguka polepole, bei haionekani. "Nataka kama hii."

Sasa wee, wale wanaweza kuficha bei kwa sababu anayeingia pale ashawajua tangu bibi yake. Wewe mteja kakuona TikTok saa nne usiku, yuko Mikindani kitandani na bando limebaki kidogo, hana haja na mkufu unaozunguka. Ataka kujua ni bei gani, itanitosha, na nitaipata lini. Basi. Ukimjibu hayo hata kwa maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe, atanunua. Usipomjibu, kumwekea rangi mpya ni sawa na kupaka rangi mlango wa duka uliotiwa kufuli.

Mie kabla ya kugusa chochote huingia kama mnunuzi. Nachagua pete. Imeandikwa "Pete ya fedha, maridadi sana". Saizi hakuna. Upana hakuna. Nabonyeza kununua, naulizwa jimbo, anwani mstari wa kwanza, anwani mstari wa pili, postikodi. Postikodi! Ni nani Kisauni ana postikodi ya nyumba? Hiyo 80100 ya Mombasa twaijua kwa sababu ya sanduku la posta, haimleti boda mpaka mlangoni. Hizo ni fomu za templeti ya kigeni na hakuna aliyezifuta. Zifute. Weka jina, namba ya simu, mtaa, na alama ya kufikia, yaani msikiti gani, shule gani, duka la nani. Na hata ukiacha adha ya kujaza, tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hupaswi kumuuliza mtu habari usizozihitaji kumhudumia, kwa hivyo ile sehemu ya tarehe ya kuzaliwa nayo iondoe, labda uwe wampelekea keki.

Haya, saizi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo oda zafia na hakuna mtu ataka kuniskiza.

Pete tofauti ya saizi moja nzima ya Marekani na inayofuata ni kama milimita 0.8 tu kwenye kipenyo cha ndani. Nusu saizi ni 0.4. Ukizungusha kwenye kidole, hiyo nusu saizi ni milimita 1.3 hivi. Sasa wewe umemwambia mteja "pima kwa uzi". Uzi wavutika! Akiuvuta kidogo tu nusu saizi ishapotea, na akiulegeza ishaongezeka, halafu pete ikirudi wasema wateja wa mtandaoni wasumbufu. Mwambie akate ukanda mwembamba wa karatasi, auzungushe kidole, atie alama zinapokutana, aulaze kwenye rula asome milimita. Huo ni mzunguko, ukiugawanya kwa 3.14 wapata kipenyo. Na wewe andika milimita kwenye kila pete, ndio kipimo kisichobishana, kwa sababu wa Uingereza ajua herufi, wa Marekani ajua namba, na wa hapa Kongowea ajua kidole chake. Saizi 7 ya Marekani ni kipenyo cha ndani cha milimita 17.3. Andika zote, haikugharimu kitu.

Kuna wale wa "weka pete yako juu ya skrini ulinganishe na duara". Skrini za simu hazilingani, duara langu si duara lako. Ukitaka kuchora chati, mpe kitu cha kulinganishia kwanza: kadi ya ATM ni milimita 85.6 kwa 54 popote duniani, achapishe chati yako, aweke kadi juu ya mchoro wa kadi, ikilingana ndo aendelee. Isipolingana, printa imepunguza ukurasa, arudie.

Halafu kidole chenyewe si kile kile siku nzima. Kwa joto letu hili la Februari na Machi vidole vyavimba, asubuhi ya baridi vyasinyaa. Mteja wa London akipima asubuhi ya Januari, atakupa saizi ya kidole kilichojikunyata. Mwambie apime jioni, mwili ukiwa na joto lake la kawaida. Pete pana nayo, tuseme ya milimita 8, yabana kuliko nyembamba ya saizi ile ile, kwa hivyo yataka kuongezwa nusu hivi. Hapa vitabu vyasema "nusu saizi" kana kwamba ni aya. Mie nimeona watu wa vifundo vinene nusu haiwatoshi na watu wa vidole laini hata hawakuhitaji kuongeza. Ukiwa na mteja wa pete pana, mpigie simu. Ndio, simu, hata kama una websaiti.

Sasa bangili. Yallah, bangili.

Mombasa bangili twazijua kwa saizi za Kihindi, 2.4, 2.6, 2.8. Na karibu kila mtu, muuzaji na dizaina wake, adhani hiyo ni desimali. Siyo. Ile nukta si nukta ya hesabu za shule. 2.4 ni kipenyo cha ndani cha inchi 2 na sehemu 4 kati ya 16, yaani inchi mbili na robo, milimita 57 hivi. 2.6 ni inchi 2 na 6/16, milimita 60 na kidogo. 2.8 ni 2 na 8/16, yaani inchi mbili na nusu, milimita 63.5. Aliyepiga 2.8 mara 25.4, milimita za inchi moja, akaandika milimita 71 amemuuzia mtu bangili ya kuvalia mguuni.

Na yaja kubwa zaidi: 2.10. Hii ni 2 na 10/16, milimita 66.7, ni KUBWA kuliko 2.8. Lakini programu ya duka lako haijui mambo ya masonara, yenyewe yaona desimali, kwa hivyo yaipanga 2.10 juu kabisa kabla ya 2.4, na nyingine zakata ile sifuri ya mwisho zaandika 2.1. Mama mwenye mkono mpana anaingia, aona orodha yaanza na 2.1 na kuishia 2.8, achagua 2.8 kwa sababu ndiyo "kubwa zaidi", yafika haipiti. Kosa la nani hapo? Dawa yake ni dakika tano: iweke saizi iwe maandishi badala ya namba, uipange kwa mkono, na mbele ya kila moja uandike milimita za ndani.

Na usimwambie apime kiwiko cha mkono, yaani pale pavaliwapo saa, kwa bangili isiyofunguka. Bangili nzima haipiti kwenye kiwiko kwanza, yapita kwenye kiganja, kwa hivyo akunje kidole gumba kikutane na kidole kidogo, kama anayevaa kweli, apime mzunguko wa pale penye upana mkubwa, augawanye vile vile kama wa pete. Kiwiko ni cha bangili ya wazi, ile yenye mwanya, na ya mnyororo. Kama una aina zote mbili kwenye duka moja na maelezo ya kupima ni yale yale, nusu ya wateja wako umewapotosha.

Ya pili, stoki. Programu za maduka zimetengenezwa na watu wanaofikiria fulana: ziko mia, moja ikiuzwa zabaki tisini na tisa. Kazi ya mkono haiko hivo. Kuna kitu kiko kimoja tu na hakirudiki kwa sababu lile jiwe lilikuwa moja. Kuna kinachorudika lakini alama za nyundo zitatofautiana. Kuna ambacho hakipo kabisa, wakitengeneza ukiagizwa. Hivi vitatu wewe umeviweka pamoja vyote "vipo", halafu mtu alipa Jumatatu akitarajia Jumanne, kumbe fedha hata hujainunua. Andika kwenye kila kitu ni aina gani, na andika siku kitakapotoka mkononi mwako. Siku ya kutoka, si ya kufika, kwa sababu ya kufika iko mikononi mwa mwenye basi. Kabla ya Idi weka tarehe ya mwisho ya kupokea oda, iandike juu kabisa, na ikifika uifuate hata kama anayeomba ni shangazi yako.

Na kile kilicho kimoja, ukikiuza kwa mtalii kule njia ya Fort Jesus, kitoe kwenye websaiti hapo hapo ukiwa umesimama. "Nitatoa jioni" ndo watu wawili walipia kidani kimoja.

Malipo nitapita haraka. M-Pesa ile ya kumpelekea mteja ombi kwenye simu aweke PIN ni nzuri kuliko kumwandikia namba ya till ainakili, kwa sababu anayenakili hukosea. Lakini kuna wakati mteja kashalipa na majibu hayajarudi kwenye websaiti, oda yaonekana haijalipwa, na mfumo unaifuta wenyewe. Usiruhusu ifutwe kabla hujaangalia kama pesa imeingia. Na usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji iliyo kwenye simu ya mteja, meseji za bandia zatengenezwa kirahisi. Angalia simu yako wewe. Wateja wa nje wawekee kadi.

Arbuni ndo sina msimamo, niseme ukweli. Kwa kitu cha kuagizwa, mwenzangu mmoja huchukua nusu, asema ukichukua yote mteja hukosa subira kwa kila siku inayopita. Mie nimependelea yote kwa vitu vidogo, kwa sababu kufuata ile nusu iliyobaki ya kipuli cha shilingi mia nane hula muda kuliko kukitengeneza. Lakini kwa pete ya harusi sithubutu kusema yote. Mwezi huu nafikiria hivi, mwezi ujao huenda nikawa nafikiria vingine.

Deliveri, tafadhali, ondoa "tutakupigia kukubaliana". Gawa maeneo, weka bei: kisiwani, Nyali mpaka Mtwapa, Likoni mpaka Diani, parseli za basi kwenda mikoani, nje ya nchi. Utapoteza hamsini hapa na kupata hamsini pale, si neno. Mteja aogopa bei asiyoijua kuliko bei kubwa. Wa nje mwambie mapema kuwa ushuru wa kwao ni juu yake.

Maelezo ya malighafi nayo. "Silver" peke yake ni nini? Kama ni 925 sema 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha na iliyobaki kwa kawaida ni shaba, na sema itaingia weusi na jinsi ya kuusafisha. Iliyopakwa dhahabu sema imepakwa, usiandike "haichujuki", jasho la Mombasa litakuumbua. Mfupa andika "mfupa wa ng'ombe", maneno mazima, kwa sababu mnunuzi wa nje akiona kitu cheupe kutoka Kenya awaza pembe za ndovu na atafunga ukurasa. Na gamba la kasa ng'amba usiliguse kabisa, hiyo ni kesi. Kwa Ulaya kuna sheria ya kiwango cha nikeli inayotoka kwenye vito vinavyogusa ngozi, kwa hivyo ukiandika "haiwashi" uwe wajua ile ndoano ya kipuli umeinunua wapi na ni ya chuma gani.

Picha: kivuli cha mchana, karibu na dirisha, si jua la saa saba. Moja ikiwa sikioni au mkononi mwa mtu, ili ukubwa uonekane. Punguza uzito, picha ya simu ya MB nne haina haja ya kuzidi KB mia mbili kwenye ukurasa. Yatosha.

Kuna swali huniuliza watu na jibu langu huwaudhi: je, nahitaji websaiti au WhatsApp yatosha? Wateja wengi wa hapa, hata ukiwajengea ukurasa wa kulipa wa dhahabu, watakuja WhatsApp kusema "habari, hii iko?" Nimeacha kupigana nao. Kila bidhaa naiwekea batani ya WhatsApp ambayo ikibonyezwa meseji yaja ishaandikwa jina la kitu na saizi, ili usianze na "ipi, dada?" Wenzangu wasema naua kikapu cha manunuzi, ile sehemu ya websaiti mteja akusanyiapo vitu kabla ya kulipa. Huenda. Mwenye oda tatu kwa wiki huenda hana haja ya kikapu kabisa, na mie ndiye ninayelipwa kutengeneza vikapu, kwa hivyo mnielewe ninavyosema hivi.

La mwisho ni kubadilisha, na liandikwe kabla ya kulipa, lisisubiri ugomvi. Pete ya fedha isiyo na mawe sonara ataipanua au kuipunguza. Yenye mawe yaliyoizunguka yote au nakshi mzunguko mzima haiguswi, yatengenezwa upya, na mteja ajue hilo akiwa bado achagua. Vipuli vya masikio yaliyotobolewa havirudi vikishavaliwa. Nani alipa nauli ya kurudisha: saizi ikiwa umekosea wewe, wewe, akiwa kapima vibaya yeye, yeye. Na hapo ndipo utafurahi kuwa uliandika milimita.